Kura ya Kijiji Kabla ya Kamari: Mjadala wa Bonde la Rukwa

Ukitoka Sumbawanga kushuka Mtowisa, unaiacha baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa, unauvuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kuingia bonde la Ziwa Rukwa, nchi ya joto, mpunga, mahindi, ng'ombe na samaki. Fedha ya huku haiji kila mwisho wa mwezi. Huja kwa msimu: mpunga ukishauzwa, ng'ombe akishatoka mnadani, ziwa likitoa. Kwa wiki chache nyumba nyingi huwa na noti mkononi kwa mara moja, na fedha hiyo ndiyo itakayolipa mchango wa shule, dawa, mbegu na deni la mwaka mzima. Biashara yoyote inayotaka fedha ya haraka inaijua kalenda hiyo kuliko afisa mipango yeyote. Kamari nayo inaijua.

Mkoa wa Rukwa unaambiwa kwamba kesho yake ni utalii. Maneno hayo si ya bure. Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, yanaanguka zaidi ya mita 200 bila kugusa mwamba katikati. Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika na fukwe za Kipili. Upande wa kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyobaki mkoa jirani Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Na Ziwa Rukwa lenyewe, lisilo na mto wa kutokea, lina ndege na viboko. Pamoja na ndoto ya utalii huja ndoto ya hoteli kubwa, na pamoja na hoteli kubwa huja swali la kasino. Lakini katika miji midogo na vijiji vingi vya Tanzania kamari haikumsubiri mtalii. Ilikwishafika ndani ya sanduku la bati lenye taa, lililowekwa pembeni ya kaunta ya baa au duka, ambalo watu huliita dubwi au mashine ya Mchina.

Hoja yangu ni moja. Ugomvi wa wenyeji na kamari hauhusu kwanza dhambi wala starehe. Unahusu nani ana mamlaka ya kusema ndiyo. Mahali ambapo ruhusa hutolewa mbali na hasara inapoangukia, rushwa hupata pa kukaa. Kwa hiyo kabla ya mashine moja kuwashwa Mtowisa, na kabla ya kasino yoyote kujengwa kwenye njia ya watalii wa Rukwa, kura ya mkutano mkuu wa kijiji iwe sharti la leseni, na kijiji kiwe na haki ya kuiondoa ruhusa hiyo. Mjadala ufuatao una sauti tano. Hazina jina la mtu, kwa kuwa ni hoja zinazorudi kila suala hili linapozuka, kwenye vikao vya madiwani, kwenye mabenchi ya soko na nje ya makanisa. Kila moja nitaipa nafasi, kisha niijibu.

MWEKEZAJI: Ndugu zangu, mgeni hawezi kutazama maji yakianguka siku saba. Akishaona Kalambo asubuhi, jioni afanye nini? Alale saa moja? Dar es Salaam wana kasino, na miji mingine inafuata. Sisi huku tunalalamika watalii hawaji, na tukiletewa cha kuwaleta tunapiga kelele. Mpeni mgeni mahali pa kutumia pesa yake, na vijana wenu watapata kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwekezaji ameitaja methali sahihi, na kwa methali hiyo hiyo tumpime. Mwenyeji anapona pale mgeni anapoacha kitu. Swali la kwanza basi ni kama anayecheza ni mgeni. Mtu anayefunga safari ndefu hadi Rukwa hafuati meza ya karata; kama ni karata, angebaki London au Johannesburg. Anafuata kitu kisichopatikana kwao. Kalambo peke yake ina historia ambayo nchi chache zinaweza kuionyesha: mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kuchimba karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, katika miaka ya 1950, na mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha habari za magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya watu takriban miaka 476,000 iliyopita. Ni kazi ya ujenzi wa mbao ya zamani kuliko nyingine yoyote iliyowahi kupatikana duniani. Mkoa wenye kitu hicho mlangoni pake unahitaji barabara inayopitika masika, waongoza wageni wanaojua kuisimulia habari hiyo, vyoo safi na chakula kizuri. Kinachoikosesha Rukwa wageni ni umbali na uhaba wa huduma. Mashine ya kamari haifupishi umbali wala haipiki chakula.

Zipo nchi zilizoichukua hoja ya mwekezaji kwa uzito na kuiwekea ulinzi, na ulinzi huo unaonyesha zilivyofahamu hatari iko wapi. Singapore ilifungua kasino mbili mwaka 2010, ikitaka hasa fedha ya wageni. Mgeni mwenye pasipoti ya nje huingia bure. Raia na mkaazi wa kudumu hulipa kiingilio kwa serikali, dola 100 za huko kwa siku hapo mwanzo, na dola 150 tangu 2019. Korea Kusini ina kasino nyingi, lakini raia wake wanaruhusiwa kucheza katika moja tu, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwenye milima ya machimbo ya makaa yaliyokufa. Serikali hizi hazikumtegemea mwekezaji aseme wateja wake ni akina nani. Zilijua kwamba kasino isipowekewa kizuizi itamla jirani yake kabla ya kumwona mgeni. Basi anayetuambia kasino ya Rukwa ni ya watalii tumwombe aandike hivyo kwenye leseni: aingie mwenye pasipoti ya nje peke yake. Nina hakika mradi wake hautafika mwaka wa pili, kwa sababu hesabu zake tangu mwanzo zilimtegemea mkulima wa mpunga.

Ipo pia historia ya mji wa kitalii uliojaribu njia hii kikamilifu. Atlantic City, mji wa pwani huko New Jersey, Marekani, uliishi kwa watalii na ulikuwa umechakaa. Mwaka 1974 wapiga kura wa jimbo hilo waliyakataa makasino. Mwaka 1976 waliyakubali kwa mji huo mmoja tu, wakiahidiwa kwamba yataufufua, na Mei 1978 la kwanza likafunguliwa. Haukupita muda, makachero wa FBI, katika operesheni iliyoitwa Abscam, walijifanya wasaidizi wa sheikh tajiri wa Kiarabu anayetaka kuwekeza; Angelo Errichetti, meya wa mji wa Camden na seneta wa jimbo hilo, aliwauzia ahadi ya kuwasaidia kupata leseni ya kasino, na akatiwa hatiani. Mwaka 1984 meya wa Atlantic City mwenyewe, Michael Matthews, aliondolewa na wapiga kura, kisha akakiri mahakamani kosa la kutumia cheo chake kujipatia fedha. Kazi zilipatikana, hilo ni kweli, na jimbo lilikusanya kodi kwa miaka mingi. Lakini mwaka 2014, majimbo ya jirani yalipokwisha kufungua kasino zao, kasino nne kati ya 12 za mji huo zilifungwa ndani ya mwaka mmoja na maelfu wakapoteza ajira. Marekani ina magazeti mengi, mahakama zenye nguvu na tume iliyoundwa mahsusi kuzilinda leseni hizo, na bado hayo yalitokea. Leseni moja ikiwa na thamani ya mamilioni na inatolewa na watu wachache chumbani, kila aliye karibu na chumba hicho huwa na bei.

MTUMISHI: Mheshimiwa mwandishi, unazungumza kana kwamba nchi hii haina sheria. Tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003. Ina wakaguzi, inatoa leseni na inafuta leseni. Kodi inakusanywa na TRA. Mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kila kijiji kikijiamulia lake, nchi itakuwa na sheria elfu kumi. Isitoshe, ukiikataza mashine yenye leseni, itakuja isiyo na leseni, na hapo hutapata kodi wala ukaguzi.

Mtumishi anasema kweli kuhusu sheria, na ni vizuri tuisome. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliikusanya chini ya paa moja kazi iliyokuwa imetawanyika katika sheria za miaka ya 1960 na 1970, maana hata Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa na Bahati Nasibu ya Taifa. Bodi iko chini ya wizara yenye dhamana ya fedha. Hapo ndipo penye tatizo la muundo, ambalo haliwezi kuondolewa na uadilifu wa mtu yeyote aliye ndani ya ofisi hiyo. Mamlaka ya leseni iko Dar es Salaam na Dodoma, chini ya wizara ambayo kazi yake ni kutafuta mapato. Kodi inaingia Mfuko Mkuu. Fedha iliyopotea inatoka Mtowisa, Muze na Ilemba. Mama anayekosa mchango wa mwanawe humlalamikia mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuitoa leseni hiyo na hawezi kuifuta. Hata pale barua ya ofisi ya kijiji au kata inapoombwa, barua ya mtendaji mmoja haiwezi kuitwa ridhaa ya watu. Ni karatasi ambayo mwenye haraka atajua namna ya kuipata. Wazee walisema penye udhia penyeza rupia, na hapa udhia umebanwa kwenye muhuri mmoja.

Kuhusu sheria elfu kumi, nchi hii imekwisha kulijibu swali hilo katika mambo mazito kuliko kamari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18. Kijiji hakiwezi kuingizwa katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori bila wanakijiji kukubali. Leseni za vileo kwa miaka mingi zimeshughulikiwa na mamlaka za serikali za mitaa. Tazama matokeo yake katika baa moja ya kawaida: ruhusa ya kuuza bia iliamuliwa wilayani, na kiwanja ambacho baa imejengwa kiligawiwa na kijiji, lakini dubwi lililo kati ya kreti na friji liliamuliwa na ofisi ambayo wanywaji wa baa hiyo hawajawahi kuiona. Majirani zetu wamelitazama jambo hili na kuamua vingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziorodhesha kamari na kasino miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, huku ikiiachia serikali kuu kamari za ngazi ya taifa. Kenya haikugeuka nchi ya sheria zisizohesabika kwa sababu hiyo.

Hoja ya mashine za magendo ina uzito zaidi. Ni kweli katazo la karatasi huzaa vibanda vya nyuma. Lakini tuitazame mashine yenyewe ilivyo. Ni sanduku zito linalohitaji umeme, sarafu na watu wanaopita. Mchezaji anatia sarafu ya Sh 200, anabonyeza tunda analolitaka, taa zinazunguka, na sarafu zikidondoka kwenye bakuli la chini mlio wake unasikika hadi barabarani. Kitu cha namna hiyo hakifichiki kijijini. Mwenyekiti wa kitongoji anajua kiko wapi kabla ya mkaguzi kuondoka mjini. Kinachokosekana ni mamlaka ya kutenda juu ya kile ambacho kila mtu anakiona. Mkaguzi mmoja wa mbali hawezi kuulinda mkoa mzima, ila kijiji kilichopiga kura yake kina macho mia tano, nacho kitamwambia mkaguzi aende wapi.

KIJANA: Shikamoo wazee. Mimi naendesha bodaboda, hela ninayochezea naitoa jasho. Sijamwibia mtu. Mkulima akinywa pombe ya mpunga wake wote hamumwitishii mkutano mkuu. Halafu hata mkiyaondoa mabati yenu, mimi nina simu. Nikitaka kubeti mechi ya Ulaya nabeti nikiwa nimekaa kwenye pikipiki. Mnahangaika na nini?

Kijana anastahili jibu la heshima, kwa sababu ni yeye anayelengwa. Haki yake ya kutumia jasho lake siipingi. Ninachokipinga ni kudhani kwamba mchezo huo ni wa watu wawili wenye nguvu sawa. Tuchukue, kwa mfano tu, mashine iliyopangwa kurudisha sarafu 85 kwa kila 100 zinazoingia. Kwa masikio ya mchezaji hiyo ni mashine ya huruma, kwa kuwa sarafu zinadondoka mara kwa mara. Lakini hakuna anayecheza mara moja na kuondoka, alichokipata anakirudisha. Aliyeanza na sarafu 100, akizizungusha zote, kwa wastani anabakiwa na 85. Akizizungusha tena, 72. Mara ya tatu 61, ya nne 52, ya tano 44. Hajadanganywa hata mara moja, na zaidi ya nusu ya fedha yake imebaki ndani ya sanduku. Ufunguo wa sanduku hana mwenye baa, achilia mbali mchezaji. Anao mtu anayepita kukusanya, anayempa mwenye baa fungu lake na kuondoka na kilichobaki. Pombe ya kienyeji inaumiza, lakini fedha yake inabaki kwa mama aliyeipika, ambaye kesho atanunua mahindi ya jirani. Sarafu ya dubwi inapanda gari na kuondoka bondeni. Hasara hiyo ni ya kijiji kizima, na ndiyo maana kijiji kina haki ya kuulizwa.

Kuhusu simu, kijana amegusa jambo ambalo kura ya kijiji haiwezi kulimaliza. Kubeti kwa simu hakuna mpaka wa kata, na dawa yake lazima iwe ya taifa: umri, matangazo, ukomo wa fedha. Serikali za eneo hili zimejaribu kwa njia tofauti. Uganda katika sheria yake ya mwaka 2016 iliweka umri wa miaka 25, na Januari 2019 Rais Museveni aliagiza kampuni mpya zisipewe leseni. Kenya mwaka huo huo iliwafukuza wakurugenzi wa kigeni wa kampuni za kubeti na kugoma kuhuisha leseni za kampuni kadhaa kwa madai ya kodi. Hatua hizo ni za juu na zinaweza kugeuzwa na anayefuata. Lakini kushindwa kuufunga mlango mmoja hakukulazimishi kuuacha na wa pili wazi. Tena mashine ina jambo ambalo simu haina: imesimama juu ya ardhi ya kijiji, mbele ya watoto wanaotumwa chumvi, nayo haimuulizi mtu kitambulisho.

KATEKISTA: Mwandishi, umezunguka mno. Kamari ni kamari. Inavunja ndoa, inamfundisha kijana kula asipopanda. Kwa nini kijiji kipigie kura jambo baya? Kesho mtapigia kura wizi? Pigeni marufuku Rukwa nzima, yaishe.

Huyu ni mwenzangu katika wasiwasi, na Ufipa, ambako Kanisa limejenga shule na hospitali tangu enzi za misheni za Karema na Kate, sauti yake ina wasikilizaji wengi kuliko yangu. Lakini marufuku anayoitaka ingetoka wapi? Ingetoka kwa amri ya mkuu fulani, na amri ya mkuu huondolewa na mkuu mwingine. Tumeona maagizo mengi ya kukamata mashine, yakifuatiwa na ukimya, kisha mashine zikarudi. Amri ya namna hiyo inampa mtekelezaji kitu cha kuuza: mwenye mashine atalipa ili asionekane, na marufuku itageuka mradi. Katazo lililopigiwa kura na watu wenyewe halina dalali huyo, kwa kuwa walioliweka wapo hapo hapo wakiangalia.

Ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaweza kuaminiwa upo. Visiwa vya Penghu huko Taiwan vinaishi kwa watalii wa kiangazi na kunyauka wakati wa baridi ya upepo. Bunge la Taiwan lilipofungua njia ya kasino visiwani, liliweka sharti la kura ya wakazi. Mwaka 2009 watu wa Penghu walipiga kura na kukataa, ingawa wafanyabiashara na wanasiasa wengi waliitaka. Waliulizwa tena mwaka 2016, na safari hii zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walikataa. Hakuna aliyewaamuru. Tena visiwa vingine vya huko, Matsu, vilikubali mwaka 2012, na hilo nalo ni haki yao. Katekista akiwa na hakika na hoja yake, basi aiseme mbele ya mkutano mkuu. Naamini atashinda, na ushindi wake utadumu kuliko tamko.

MWENYE SHAKA: Mnaota. Mimi nimehudhuria mikutano ya vijiji. Anayeleta kreti tano za soda na ng'ombe mmoja ndiye anayeshinda. Wanasiasa wenyewe wanapita hivyo hivyo. Mwenye kasino hatashindwa kuununua mkutano wa Mtowisa. Atawanunua kwa bei rahisi kuliko mtu mmoja wa wizarani.

Hii ndiyo hoja ngumu kuliko zote, na asiyeijibu hajajibu kitu. Ni kweli watu hununuliwa. Nchi hii iliwahi hata kuliandika jambo hilo katika sheria: mabadiliko ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa chakula na vinywaji kwa jina la ukarimu wa jadi. Kilichofuata kinapaswa kumpa mwenye shaka matumaini kidogo. Asasi tatu za kiraia, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, zilikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, kwa sababu vinambagua mgombea asiye na fedha na kufungua mlango wa rushwa. Mwaka uliofuata ikapatikana sheria mpya ya kuzuia na kupambana na rushwa iliyoipa TAKUKURU nguvu zaidi, na mwaka 2010 Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Ng'ombe bado wanachinjwa, najua. Lakini sasa ni kosa linalotajika kwa jina lake, na kosa lililotendwa mbele ya watu mia nne lina mashahidi mia nne. Rushwa ya chumbani ina wawili, na wote wamekula.

Kuna tofauti nyingine. Ruhusa iliyonunuliwa kwa mtu mmoja ofisini hudumu muda wote wa leseni, na aliyenunuliwa ana kila sababu ya kuitetea. Ruhusa iliyonunuliwa kwa mkutano haidumu hivyo kama mkutano ule ule una haki ya kukaa tena. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana angalau kila miezi mitatu. Soda zimekwisha siku ile ile. Mchango wa shule uliopotea unakumbukwa hadi kikao kijacho. Mwenye kasino angelazimika kununua kila robo mwaka, kwa bei inayopanda, mbele ya watu wenye hasira zaidi. Hakuna biashara inayoweza kuishi hivyo. Kinachoilinda kura ya kijiji, basi, ni uwezo wake wa kurudiwa, na tunaweza kuudai uwezo huo bila kungoja watu wawe malaika.

Baada ya sauti zote tano, madai yanaweza kuandikwa. Bunge lirekebishe Sura ya 41 ili leseni ya kasino au ya mashine yoyote isitolewe wala kuhuishwa bila muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji au mtaa husika, kura ikiwa ya siri na matokeo yakibandikwa kwenye ubao wa ofisi. Wamiliki halisi wa kampuni inayoomba wasomwe majina mkutanoni. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 kampuni zinatakiwa kuwaorodhesha kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa hiyo hakuna anayeombwa jambo jipya. Diwani, mbunge au mtumishi mwenye hisa atamke, kama Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inavyomtaka atamke mali zake. Sehemu ya kodi irudi kijijini kwa hesabu inayosomwa pamoja na mapato na matumizi mengine. Na kijiji kikisema basi, leseni iishie hapo.

Vijiji havihitaji kungoja Bunge ili vianze. Sheria ndogo ya kijiji haiwezi kuifuta leseni iliyotolewa kwa sheria ya nchi, na anayewaambia wanakijiji vinginevyo anawapeleka mahakamani wakashindwe. Lakini Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inakipa kijiji nafasi ya kutunga sheria ndogo kuhusu utulivu na ustawi wake, zikaidhinishwa na baraza la madiwani. Kijiji kinaweza kupanga umbali wa mashine kutoka shuleni na saa za kucheza, na kumtaka mwenye baa ajibu kwa kila mtoto atakayekutwa hapo. Vijiji vya bonde vikipeleka sheria ndogo zinazofanana Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga katika msimu mmoja, madiwani watalazimika kusema waziwazi wako upande gani, na mbunge wa Kwela atakuwa na jambo la kupeleka Dodoma lenye mihuri ya vijiji vyake. Mwekezaji wa hoteli naye atakuwa amepata jibu lake. Aje ajenge, aajiri, anunue mchele wa Mtowisa na samaki wa Rukwa. Akitaka na meza ya kamari, aje aiombe mkutanoni, ataje majina ya wenzake, na akubali kuulizwa tena baada ya miezi mitatu.